Safari ya mto Colorado: uchaguzi ulioanza mwaka 1869

Boom halijatoka, vimbweta vimejaa watu wa mtihani, na mimi badala ya kumalizia insha ya saikolojia ya elimu nimeamua kuwaandikia ninyi. Sababu ni ubishi. Mshikaji wangu mmoja wa Jiografia alileta chumbani jarida lenye picha za watu wanaoshuka mto Colorado kwa maboti ya mpira, ndani ya lile korongo kubwa la Marekani, Grand Canyon. Maji meupe yanaruka kama yanachemka, pembeni kuta za mawe mekundu, juu jangwa. Ubishi ukawa: ungepewa nafasi, ungechagua safari ipi? Mmoja anasema boti la injini, siku sita mtu umemaliza. Mwingine anataka makasia wiki mbili. Wa tatu anasema yeye nusu tu inamtosha, halafu apande miguu arudi juu akale. Hapo hakuna hata mmoja mwenye nauli ya kufika Arizona, wengine hata ya kufika Kibaha ni ishu. Lakini ubishi ni ubishi.

Mimi mtu wa Historia nikakaa kimya nikiwasikiliza, maana kila walichokuwa wanakitaja kama chaguo kwenye menyu kina watu nyuma yake. Wengine walikufa. Kwa hiyo leo nasimulia, na mwishoni nitawaambia mimi ningechagua ipi.

Kwanza mjue mahali penyewe. Kutoka Lees Ferry, pale maboti yanapoingizwa majini, hadi mwisho wa korongo ni kama kilomita 446. Sehemu nyingine kuta zina kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu. Kiangazi joto la chini huko linapita nyuzi 40, na mvua ni ya kubahatisha. Katikati ya jangwa hilo unapita mto mkubwa, na kila kijito cha pembeni kinapofurika kinasukuma mawe hadi mtoni, mto unabanwa, unaporomoka kwa fujo. Hayo ndiyo maporomoko ninayoyasema. Siyo kama ya Victoria kwamba maji yanadondoka kutoka juu. Ni mteremko wa maji yenye mawimbi, mashimo na mawe, ambao mashua inaweza kupita ikijaliwa. Ishu kubwa ni kwamba ukishaingia, njia za kutokea ni chache mno. Ndiyo maana uchaguzi wa safari hii unafanyika kabla hujalowa.

Mtu aliyefungua njia kwa kumbukumbu zilizoandikwa alikuwa mwalimu. Walimu wenzangu mpo? John Wesley Powell alifundisha shule huko Illinois kabla ya vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Mwaka 1862 kwenye mapigano ya Shiloh risasi ikampiga, akakatwa mkono wa kulia. Baada ya vita akawa profesa wa jiolojia. Halafu huyo mwenye mkono mmoja ndiye akaamua kushuka mto ambao kwenye ramani za serikali yake sehemu kubwa ilikuwa nafasi tupu. Tupu kwa wachora ramani, maana Wahualapai, Wahavasupai, Wapaiute, Wahopi na Wanavajo walikuwa wanaishi na kupita maeneo hayo miaka na miaka. Hili nalisema mapema, kwa sababu vitabu vya wavumbuzi tumevisoma sana. Kila mahali "pamevumbuliwa" wakati watu wapo wanakula ugali wao.

Tarehe 24 Mei 1869 walianza Green River, Wyoming, watu kumi na mashua nne zilizotengenezwa Chicago. Tatu zilikuwa za mwaloni, nzito. Ya nne, Emma Dean, ilikuwa ya msonobari na nyepesi zaidi, ya kutangulia. Chakula walibeba cha miezi kumi. Sasa angalieni uchaguzi wa kwanza ulivyokwenda kombo. Mashua zilikuwa na umbo la kwenda mbio kwenye maji yaliyotulia, siyo la kugeuka haraka. Mpiga makasia alikaa akitazama nyuma, yaani poromoko linakuja na yeye amelipa mgongo. Jaketi la kuokolea maisha lilikuwa moja, la Powell mwenyewe. Kwa mtu wa mkono mmoja siwezi kumlaumu, lakini wale tisa nao walikuwa na mama zao.

Mwezi Juni, mbali sana kabla ya kufika Grand Canyon, mashua iitwayo No Name ilipasuka kwenye korongo la Lodore. Watu walipona, chakula kingi kikaenda na maji. Mwezi wa saba mmoja wao, Frank Goodman, akaona yametosha, akaaga. Wakabaki tisa.

Kwa sehemu kubwa hawakuwa wanayapita maporomoko kwa ushujaa kama kwenye sinema. Walikuwa wanazishusha mashua kwa kamba kutokea ukingoni, au wanazibeba mabegani juu ya mawe. Waliosoma safari ya Stanley kwenye mto Kongo miaka michache baadaye, ile ambayo wangwana kutoka Zanzibar walibeba na kuburuta mitumbwi kando ya maporomoko, wanaelewa kazi hiyo ni ya aina gani. Tofauti ni kwamba Colorado kuna mahali kuta zinatumbukia moja kwa moja majini. Hakuna ukingo wa kusimama. Hapo ni kupita au kubaki.

Walipoingia Grand Canyon mwezi Agosti unga ulikuwa umeota ukungu, nyama imeoza ikatupwa. Kilichobaki kwa wingi ni kahawa. Jamani, sisi tunalalamikia maharage ya kantini!

Tarehe 27 Agosti wakafika poromoko ambalo kila mmoja aliyeandika shajara alikiri ndilo baya kuliko yote waliyoyaona. Kuta zimebana, kuzishusha mashua kwa kamba ilikuwa haiwezekani hadi chini. Jioni ile Oramel Howland alimfuata Powell akamwambia waache mto, wapande juu, watembee hadi makazi ya Wamormoni upande wa kaskazini. Yeye, mdogo wake Seneca na William Dunn walikuwa wameshaamua. Powell usiku ule hakulala. Alipiga hesabu zake za nyota, akachora mchangani umbali uliobaki, akawaamsha watu mmoja mmoja kuwauliza. Alikuwa anaamini mwisho uko karibu. Lakini hilo lilikuwa ni imani na hesabu, hakuna aliyekuwa amewahi kufika akaona.

Asubuhi ya tarehe 28 wakagawana. Watatu walipewa bunduki na nakala ya kumbukumbu za safari. Chakula walikataa, walitegemea kuwinda. Emma Dean ikaachwa pale imefungwa, maana watu sita wasingeweza kuendesha mashua tatu. Powell aliandika kwamba kila upande uliamini upande wa pili ndio unaokwenda kufa. Wale sita wakapita poromoko kwa muda mfupi tu, wakatokea upande wa pili wazima. Wakapiga bunduki hewani kuwaita wenzao washuke na ile mashua iliyobaki. Hawakushuka. Siku iliyofuata, tarehe 29, wale sita walikuwa wametoka nje ya korongo. Siku moja tu, wadau.

Howland wawili na Dunn hawakuonekana tena. Mwaka 1870 Powell alirudi eneo lile, akaambiwa na Washivwits, tawi la Wapaiute, kwamba waliwaua kwa kuwadhania wazungu wengine waliokuwa wamefanya uhalifu. Baadaye wanahistoria wengine wakasema huenda ni walowezi wa Kimormoni waliowaua. Miili haijapatikana mpaka leo.

Hapa ndipo ninapogombana na vitabu vingi. Hadithi hii husimuliwa kama somo: waliovumilia walipona, waliokata tamaa walikufa. Mwalimu wa zamu angeipenda sana. Lakini hebu jiweke pale usiku wa tarehe 27. Una njaa, nguo zimekuchanika, mashua zinavuja. Mbele kuna poromoko baya kuliko yote, na hakuna anayejua baada yake kuna mangapi. Pembeni kuna kijikorongo kinachopanda kuelekea juu, na juu huko kuna makazi ya watu. Kwa taarifa walizokuwa nazo, kupanda lilikuwa chaguo la mtu mwenye akili timamu. Sisi tunajua ilibaki siku moja. Wao hawakujua. Tena baadhi ya wenzao walisimulia miaka mingi baadaye kwamba kati ya Powell na Dunn kulikuwa na ugomvi, pamoja na saa iliyoingia maji ambayo Dunn alitakiwa kuilipa. Kwenye kitabu cha Powell cha 1875 huo ugomvi huuoni. Hicho kitabu chenyewe kinachanganya safari ya 1869 na ile ya pili ya 1871 na 1872 kama vile ni safari moja. Ukisoma chanzo, uliza kwanza nani kaandika na nani hakupata nafasi ya kuandika. Dunn na Howland hawakuipata.

Mnara wa kumbukumbu ya Powell uliposimamishwa kwenye ukingo wa kusini wa Grand Canyon mwanzoni mwa karne ya 20, majina ya hao watatu hayakuwekwa pamoja na ya wenzao. Walihesabiwa watoro. La Goodman pia halikuwekwa. Watu walioshuka karibu safari nzima! Miezi mitatu ya kubeba mashua, halafu jina linakatwa kwa uamuzi wa usiku mmoja.

Turudi kwenye menyu ya mshikaji. Jaketi la kuokolea: leo hata ukiwa bingwa wa kuogelea hupandi boti bila hilo. Mwaka 1889 Frank Brown alikwenda kupima njia ya reli (reli, ndani ya korongo!) bila majaketi. Julai hiyo akazama, na siku chache baadaye wakazama wengine wawili. Mhandisi wake Robert Stanton aliporudi kumalizia kazi alikuja na majaketi. Mwaka 1928 wanandoa vijana, Glen na Bessie Hyde, waliingia na boti la kujitengenezea, wakapewa ushauri wa kuchukua majaketi, wakakataa. Boti lilikutwa linaelea limesimama wima, mizigo imo, wenyewe hawamo. Hadi leo hakuna anayejua.

Na ule mkao wa mpiga makasia kutazama mbele, anavuta kinyume na maji ili apunguze mwendo na achague pa kupita, haukutoka kwa profesa. Ulienezwa na mtega wanyama wa Utah, Nathaniel Galloway, miaka ya 1890. Mtu asiye na digrii aligeuza kiti tu, na mpaka leo waongozaji wanakaa hivyo.

Dada zangu wa kitivo, hii ni yenu. Mwaka 1938 Elzada Clover, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Michigan, na mwanafunzi Lois Jotter wa miaka 24, walishuka na mwongozaji Norman Nevills kwenye mashua za plaiwudi. Magazeti yaliandika kama vile wanakwenda kuzikwa, eti mto ule siyo mahali pa mwanamke. Wakawa wanawake wa kwanza wanaojulikana kumaliza Grand Canyon kwa mashua. Waliamka alfajiri kupika, mchana wanapambana na maji, kila boti likisimama wanakusanya mimea. Orodha yao ya mimea ikaja kuwa ya thamani kuliko walivyofikiria, kwa sababu inaonyesha kingo za mto zilivyokuwa kabla ya bwawa. Nevills naye akaendelea kuchukua wateja wa kulipia, kwa hiyo safari ile ndiyo mwanzo wa biashara hii tunayobishania. Jotter alirudi mtoni mwaka 1994 akiwa na miaka 80. Mwacheni huyo bibi.

Baada ya vita kuu ya pili jeshi la Marekani lilikuwa na maboti ya mpira yaliyobaki, bei chee. Mwanamke mmoja, Georgie White, akayafunga matatu pamoja, akatia injini, akawabeba watu kwa kuchangiana gharama. Boti kubwa kiasi kile halipinduki kirahisi, na mtu wa kawaida asiyejua kasia akaweza kwenda. Wapenda makasia walimcheka. Lakini bila yeye safari ingebaki ya mashujaa wachache na matajiri.

Halafu bwawa. Mwaka 1963 milango ya bwawa la Glen Canyon ilifungwa, kilomita chache juu ya Lees Ferry. Mto uliokuwa mwekundu kwa tope, wa uvuguvugu kiangazi na wenye mafuriko kila masika, ukaanza kutoka kilindini mwa bwawa, maji ya kijani na baridi ya kugandisha mifupa, karibu nyuzi 8 hadi 10. Kiasi cha maji kikawa kinapanda na kushuka kufuatana na mahitaji ya umeme mijini. Ziwa lenyewe likaitwa Ziwa Powell! Kumpa mtu wa mto jina la ziwa lililomeza makorongo aliyoyapita... sijui yeye angesemaje. Wenzetu waliowahi kupanda maboti Bujagali, Uganda, kabla bwawa la huko halijakamilika mwaka 2012, wanaijua hisia hiyo.

Kwa upande mwingine maji ya uhakika mwaka mzima yalileta umati. Hadi mwaka 1950 waliowahi kupita korongo lote kwa mashua walikuwa wachache sana kwa hesabu zilizoandikwa. Mwaka 1972 pekee walipita zaidi ya 16,000. Fukwe zikajaa majivu, makopo na samahani, vinyesi. Hifadhi ikaweka kikomo cha watu, na leo kila boti linabeba choo chake na kutoka nacho. Mwishoni mwa miaka ya 1970 hifadhi ilitaka kupiga marufuku injini kabisa, mwaka 1980 Bunge la nchi hiyo likazuia. Ndiyo maana mshikaji wangu bado anaweza kuchagua injini, ila kati ya katikati ya Septemba na mwisho wa Machi mto ni wa makasia tu. Asiyetaka kampuni, anayetaka kwenda na rafiki zake, zamani aliandikisha jina akasubiri miaka kumi na zaidi. Tangu 2006 ni bahati nasibu.

Kwa mwenye hoja ya haraka: mwaka 1983 bwawa lilikaribia kushindwa na mafuriko, maji mengi yakafunguliwa, na watu watatu na mashua ya mbao ya makasia, Emerald Mile, walipita korongo lote kwa saa 36 na dakika 38. Rekodi hiyo ilikaa hadi 2016. Kwa hiyo injini siyo hoja.

Na mwenye hoja ya nusu, ajue kwamba anashukia karibu na Phantom Ranch, baada ya kilomita kama 140, halafu anapanda kwa miguu zaidi ya mita 1,300 kwenda juu, na joto lile. Akafanye mazoezi hapa kilimani kwanza. Wanaoingilia pale wanateremka kwa miguu na kupata nusu ya chini, yenye Lava Falls. Kwa macho yangu hiyo ni nusu nzuri zaidi kwa mwenye siku chache.

Mimi? Makasia, korongo zima, mwezi wa Septemba mwishoni joto likipungua na injini zimenyamaza. Lakini kuna kitu kimoja ningeuliza kabla ya kulipa, na matangazo huwa hayakisemi kwa herufi kubwa: safari inaishia wapi? Nyingi zinatokea Diamond Creek, kwenye ardhi ya Wahualapai, kwa sababu kuna barabara inayofika mtoni na mbele yake maji yanaanza kupoa. Ni kama kilomita 364 kutoka Lees Ferry. Lile poromoko la Agosti 1869, linaloitwa Separation, liko karibu kilomita 385. Lilifunikwa na maji ya bwawa la Hoover miaka ya 1930, lakini kile kijikorongo walichopanda Oramel, Seneca na Dunn kipo, na kibao chenye majina yao kipo. Ukishukia Diamond Creek, hukioni.